Pipa Lililooshwa kwa Ajili ya Wageni

Wageni wa serikali walikuwa waje Jumatano saa tatu asubuhi. Jumanne mchana nikaosha mapipa.

Sikutumwa na mtu. Niliyaona tu, kama vile mtu anavyoona utando wa buibui siku mgeni yuko njiani: ulikuwepo siku zote, lakini leo ndiyo unauona. Mapipa yenyewe yalikuwa mawili, yamekaa uani kwetu miaka sita, yameshika masizi na mafuta yaliyoganda hata rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeikumbuka. Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikasugua nje kwa brashi. Ndani nikamimina maji ya moto kupitia tundu la juu, nikaliviringisha kila pipa huku na huku, nikamwaga, nikarudia mara tatu. Kisha nikayapindua juani. Jioni tukagundua kwamba yalikuwa ya buluu.

Kazi ya nyumba ile ni kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa dizeli. Wenye karakana ni binti yangu na mumewe, mimi ni mkono wa tatu. Mkwe wangu zamani alitengeneza magari, na mpaka leo anaitwa Fundi. Binti yangu anaitwa Katibu, kwa sababu tangu yuko darasa la pili anaandika kila kitu, hata nani kavunja kikombe na saa ngapi. Tunachukua mafuta kwenye mahoteli, kwenye kantini ya hospitali na kwa wakaanga viazi wa stendi. Yakishakuwa meusi hata kiazi hakiyataki, tunayataka sisi. Tunayachuja kwa kitambaa, tunayalaza pipani siku saba au nane ili maji na takataka zishuke chini. Ya juu tunayapasha moto, moto wa maji ya kuoga tu, halafu tunatia spiriti iliyokorogwa na kostiki, ile chumvi kali ya watengeneza sabuni. Tunakoroga saa nzima, tunaacha. Yakitulia yanaachana yenyewe: chini unashuka utomvu mweusi mzito, juu inabaki dizeli ya rangi ya asali. Lori linakwenda nayo, na jenereta ya kantini ile ile inakwenda nayo.

Adui wa kazi hii ni maji. Maji kidogo yakibaki ndani ya mafuta, kostiki inayakuta, na pipa zima linageuka sabuni.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nina kikaango cha chuma chenye mpini uliofungwa waya. Kabla ya kuanza kupika, nakiweka motoni, natia kijiko kimoja cha mafuta ya pipani, nainama na kusikiliza. Mafuta makavu hukaa kimya. Yenye maji hutatarika. Na maji yakiwa machache sana, mafuta hunong'ona tu, na mnong'ono ndio wa kuogopwa, maana kelele inasikiwa na kila mtu. Nikisikia chochote nasema "bado", na Fundi anazima moto bila kuuliza. Miaka sita tulikuwa hatujapata pipa la sabuni.

Sasa, mwaka ule halmashauri ilileta barua kwamba mwisho wa mwaka ukifika, hakuna mtu kupika mafuta ya injini kwenye nyua za makazi. Haikuwa barua mbaya. Ilikuwa imeandikwa kwa adabu na imepigwa mhuri mara mbili. Maana yake ilikuwa kwamba tuhamie eneo la viwanda au tufunge. Na kuhamia eneo la viwanda si kubeba mapipa mawili kichwani. Huko mtu anatakiwa awe na banda, tangi, bomba na kizimamoto.

Mwezi huohuo Katibu akasikia redioni kwamba serikali imeanzisha mfuko wa kuikuza mitambo midogo ya mafuta ya aina yetu. Mwenye kupika pipa moja kwa wiki asaidiwe apike ishirini, apewe na banda. Akaleta fomu ya kurasa ishirini na tatu. Akaijaza majuma mawili, anauliza maswali hadi wakati wa kula. Mwishoni likabaki pengo moja tu, kipengele cha kumi na nne: Maji kwenye malighafi yanapimwa na nani, na kwa njia gani.

"Naandika mama na kikaango," Katibu alisema.

Fundi akatazama pembeni. "Serikali nzima tuiandikie kikaango?"

"Sasa niandike nini?"

"Acha wazi. Watadhani tumesahau."

Wakaacha wazi, fomu ikaenda, na baada ya miezi miwili tukajibiwa kwamba wakaguzi watakuja washuhudie pipa moja likipikwa mwanzo hadi mwisho. Likifaulu, tumeingia kwenye mfuko. Lisipofaulu, mwisho wa mwaka tunafunga. Ilikuwa imebaki miezi miwili na siku chache.

Jumanne jioni Fundi alipoyaona mapipa ya buluu alisimama kidogo, akatabasamu. Akahamishia mafuta humo palepale, mafuta yaliyokuwa yamelala siku tisa kwenye pipa bovu la kona. Alipofika kwenye meza ya jikoni akakiona kikaango. Fundi ni mtu mwenye heshima. Mimi ni mama mkwe wake na hajawahi kuniamrisha. Akiwa na jambo gumu humpitishia mkewe, hata kama mimi nimekaa katikati yao.

"Mwambie mama," akamwambia Katibu, "kesho kile kikaango kisionekane."

"Mama, kesho kikaango kisionekane," Katibu akasema.

"Nimesikia," nikasema. Nikakisukuma chini ya kitanda changu.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Sabuni, alitukopesha vikombe sita vyenye maua na chupa ya chai. Ndiye pia anayetuuzia kostiki, kwa kuwa anaiagiza kwa ajili ya sabuni zake. "Vikombe hivi," aliniambia, "mara ya mwisho vilitoka siku ya posa ya mwanangu. Kimoja kikivunjika nakuja kuolewa hapo kwenu mimi."

"Njoo tu," nikamwambia. "Sufuria zipo nyingi za kusugua."

Wakaja wawili. Mkubwa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vyake vimepigwa vumbi la safari, anaongea polepole. Tulimwita Mkaguzi, kama alivyojitambulisha. Mwenzake alikuwa kijana mnene mwenye tai, ana futi ya kamba ambayo haikumtoka mkononi. Alipima uwanja, akapima mlango, akapima benchi kabla ya kulikalia. Sisi wenyewe kwa wenyewe tulimwita Bwana Futi.

Fundi alifanya kazi yake vizuri siku ile. Aliwasha moto, akaingiza kipimajoto, akachanganya spiriti na kostiki nyuma ya ukuta akiwa amevaa miwani na glavu, akamimina, akakoroga kwa ile injini ya mashine ya kufulia aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa anaeleza kila hatua. Katibu alisimama na daftari lake. Mimi nilimimina chai.

Baada ya saa moja wakachota mafuta kidogo, wakaweka kwenye chupa ya kioo mezani ili waone yakiachana. Sisi tulikuwa tumezoea kuona mstari baada ya robo saa. Robo saa ikapita. Nusu saa. Kwenye chupa hapakuwa na mstari. Palikuwa na kitu kizito cheupecheupe, kama uji uliopoa.

Mkaguzi akaiinua chupa akaielekeza kwenye mwanga. Akaiinamisha. Kile kitu hakikufuata.

"Hii ndiyo dizeli?" Bwana Futi akauliza. Sidhani alikuwa anakejeli. Alitaka kujua tu.

Fundi akaenda kwenye pipa, akafunua, akachungulia. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko unaohitajika kuona ndani ya pipa.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu chupa ilipokuwa na dakika kumi. Pipa la aina ile lina mdomo wa ukingo uliorudi ndani na tundu dogo. Ukilipindua, maji hayatoki yote. Yanabaki yamezunguka ukingoni kama mchuzi kwenye sahani. Kikaango kingenong'ona. Kikaango kilikuwa chini ya kitanda.

"Mara nyingine inategemea kostiki," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Ikiwa ya zamani, au imechanganywa, inaharibu."

"Mnainunua wapi?"

"Hapo kwa jirani."

"Jirani gani?"

"Mama Sabuni. Mlango wa pili."

Bwana Futi akaandika. Kalamu yake ilikuwa inalia kwenye karatasi. Mkaguzi akamtajia neno moja moja, "Mama Sabuni, mlango wa pili", na akaongeza kwamba muuzaji atafuatwa.

Mimi mikononi nilikuwa na vikombe vya muuzaji. Nilikuwa navikusanya. Maua yalikuwa mekundu, na kimoja kilikuwa na ufa mdogo ambao Mama Sabuni alinionyesha kabla ya kunikabidhi ili nisije nikalaumiwa kwa ufa ambao si wangu.

Nikaviweka mezani.

"Kostiki ni nzima," nikasema. "Mapipa niliyaosha jana. Maji yalibaki ndani."

Binti yangu alikuwa ameacha kuandika.

"Uliyaosha kwa nini, mama?" Mkaguzi akaniuliza.

"Kwa sababu mnakuja."

Akanitazama. "Kwa kawaida hamyaoshi?"

"Kwa kawaida hamji."

Bwana Futi akakohoa. Mkaguzi hakucheka, lakini alivuta kiti, akakaa. "Na kwa kawaida mnajuaje kama maji yamo?"

Nikamtazama Fundi. Alikuwa anatazama ardhini. Nikaenda chumbani, nikapiga magoti, nikakivuta kikaango kutoka chini ya kitanda. Kilikuwa kimeshika vumbi la usiku mmoja. Nikakiweka motoni mbele yao, nikachota kijiko cha mafuta yaliyobaki kwenye pipa la pili la buluu, nikatia. Kikatatarika. Bwana Futi akarudi nyuma hatua moja. Nikakifuta, nikatia kijiko kingine, safari hii masalio ya lile pipa bovu la kona, ambalo halikuoshwa. Kimya.

"Rudia," Mkaguzi akasema.

Nikarudia. Kelele, kimya.

Hapo ndipo Mama Sabuni alipoingia kufuata vikombe vyake. Alisalimia, akapita pembeni ya pipa lililopikwa, akachungulia, akatia kidole, akakisugua na kidole gumba.

"Fundi," akasema, "biashara yangu nayo unaitaka?"

Akatutazama mmoja mmoja. Akakusanya vikombe vyake, akavihesabu kwa macho, akanipa mkono, akaenda. Mpaka leo hajui kwamba jina lake lilikaa kwenye karatasi ya serikali kwa muda wa dakika tano. Bwana Futi alilikata kwa mistari miwili iliyonyooka.

Mkaguzi akafungua fomu yake ukurasa wa nyuma. Akatusomea bila kupamba. Pipa likiharibika na chanzo kisijulikane, au kikidhaniwa kuwa kwenye malighafi ya kununua, sampuli inapelekwa maabara, na majibu huchukua miezi minne. Chanzo kikijulikana siku hiyohiyo na kikaonyeshwa kwa macho, mwombaji anaruhusiwa kurudia mara moja, ndani ya siku thelathini.

"Miezi minne," Katibu akasema polepole. Alikuwa anaitoa ile miwili iliyobaki kabla ya halmashauri kutufunga.

"Nimetembelea karakana kumi na moja," Mkaguzi akasema. "Nne ziliharibu. Zote nne, waliniambia, kostiki ilikuwa mbaya." Akafunga fomu. "Tutarudi. Siku ya thelathini inaangukia Ijumaa, mwezi ujao, na ndiyo ya mwisho. Tutapanga tuje Jumanne ya wiki hiyo, msikae roho juu."

Walipoondoka Fundi alilimwaga lile pipa kwenye ndoo, ndoo kumi na tatu za uji. Hakuniambia kitu. Siku ya kwanza hakuniambia, ya pili hakuniambia. Alinisalimia asubuhi kama kawaida, akaniuliza nimeamkaje, akasubiri jibu, akaenda. Mkwe hamgombezi mkwe. Lakini pia hakumpitishia mkewe neno lolote la kuniletea, na hilo ndilo lililonifanya nijue kwamba amekasirika.

Katibu alijaribu kutusuluhisha kwa njia yake. "Mama," akasema tukiwa tunachuja, "yeye hakukasirika kwa sababu umeosha."

"Najua."

"Alikasirika kwa sababu alisema kostiki."

"Najua. Kaza kitambaa."

Siku ya nne alikuja jikoni. Mimi nilikuwa nachambua mboga. Akasimama mlangoni, akakitazama kikaango kilichokuwa ukutani.

"Mama, ule ukingo wa pipa," akasema. "Nimeukata kwa msumeno. Sasa likipinduliwa halibakizi."

"Vizuri."

"Hata ukiliosha."

"Sitaliosha tena."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Tukaendelea na maisha.

Majuma yale mvua ilinyesha. Mafuta tuliyoyakusanya yalitoka kantini, na mpishi wa kantini ana tabia ya kuacha ndoo wazi chini ya mfereji wa bati. Tulijua. Tukayachuja mara mbili, tukayalaza mapema, siku tisa kamili kabla ya ile Jumanne. Lakini hewa ilikuwa ya baridi, na mafuta ya baridi ni kama mtoto aliyeshikilia nguo ya mama yake. Hayaachii maji upesi.

Jumanne ikafika. Safari hii hakuna aliyefagia. Katibu mikono ilimwasha, nilimwona mara mbili anaushika ufagio na kuuacha. Vikombe vilikuwa vyetu wenyewe, vya plastiki, kimoja kimeungua mdomoni. Wageni wakaja saa tatu na nusu. Bwana Futi akakaa kwenye benchi bila kulipima.

Fundi mwenyewe ndiye aliyekishusha kikaango. Akakipangusa kwa kiganja, akakiweka motoni, akanisogezea kigoda. Nikatia kijiko. Nikainama.

Nje palikuwa na mtu anapiga misumari kwenye paa. Nikasubiri anyamaze. Aliponyamaza nikasikia.

Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu anayefungua karatasi ya peremende chumba cha tatu, hataki watoto wasikie. Mtu mwingine asingelisikia. Ningesema "yako sawa", nani angenipinga? Na huenda pipa lingetoka vizuri. Mara nyingine mnong'ono unasameheka. Mara nyingine hausameheki, na hujui ni mara ipi mpaka chupa ikae mezani.

Nikatia kijiko cha pili. Vilevile.

Nikakaa wima. "Bado," nikasema.

Katibu alifumba macho. Bwana Futi akamtazama Mkaguzi. Mkaguzi akamtazama Fundi, kwa sababu karakana ni yake na sahihi kwenye fomu ni yake. Mimi sikumtazama mtu. Nilifuta kikaango.

Fundi aliinama, akazima moto.

"Hatuanzi leo," akasema.

"Mafuta yenu yana nini?" Bwana Futi akauliza. "Mimi sijasikia kitu."

"Wewe husikii. Yeye anasikia."

"Tumetoka mbali, bwana."

"Najua. Na mkitaka tuanze ili msirudi bure, nitaanza, halafu mtaniandikia sabuni." Akakunja mikono ya shati lake, akaikunjua tena. "Mama amesema bado."

Mkaguzi akafunua fomu. "Muda wenu unaisha Ijumaa," akasema.

"Tunajua."

"Ijumaa nina safari upande mwingine. Nitapita hapa asubuhi, kabla. Kama sikupita kabla ya saa nne, msinisubiri." Akaandika mstari mmoja kwenye fomu. Katibu, ambaye anasoma maandishi yakiwa hata juu chini, alituambia baadaye uliandikwa hivi: Mafuta hayajawa tayari, kwa mujibu wa kikaango.

Tulikuwa na siku mbili na kipande. Mtu mwenye haraka angeyachemsha mafuta mpaka maji yakimbie kwa mvuke. Inawezekana, lakini mafuta yaliyochoka kukaangia ukiyachemsha tena na maji yake yanachacha, yanakula kostiki nyingi, na yanatoka machafu. Tukafanya kazi ya kuku anayeatamia. Fundi alilizungushia pipa mabati yaliyopata jua, akaweka makaa machache chini, machache sana, ya kutia vuguvugu tu. Mimi nikaleta blanketi langu. Tukalivisha pipa, tukalifunga kamba kiunoni.

Mama Sabuni akachungulia juu ya ua. "Nani anaumwa?"

"Pipa."

"Poleni." Akafikiri. "Mmempa dawa?"

"Tunampa usingizi," Fundi akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nimsikie anataniana na mtu tangu ile Jumatano.

Kila baada ya saa chache alifungua bomba dogo la chini ya pipa, pale maji yanapotulia, akakinga kwenye kikombe. Mara ya kwanza yalitoka maji nusu kikombe, yamechafuka. Ya pili robo. Alhamisi jioni vikatoka vijiko viwili. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wasemavyo. Haya kasoro yake ni kwamba yalikuwa hayataki kumwagika.

Ijumaa nilitia kijiko saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kimya. Nikatia kingine, kimya. Nikamwita Fundi.

"Inama," nikamwambia.

Akainama. Shati lake lilikuwa linanuka moshi.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mama."

"Sikiliza vizuri."

Akakaa. "Kweli, sisikii kitu."

"Basi ndiyo hivyo yanavyosema."

Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu hakuna mtu. Katibu alikuwa mlangoni na daftari, anaandika, sijui anaandika nini. Saa tatu na dakika arobaini gari likasimama. Mkaguzi alishuka na Bwana Futi nyuma yake, tai yake imelegea. Alisalimia, akaenda moja kwa moja jikoni, akaelekeza kidole kwenye kikaango. Nikatia kijiko, naye akainama karibu yangu. Alinuka vumbi na sabuni ya hotelini. Tukasikiliza pamoja.

"Anzeni," akasema.

Saa moja ya kukoroga. Chupa ikawekwa mezani. Dakika ya kumi na mbili mstari ukaonekana, mwembamba kama uzi wa cherehani, kisha ukanenepa. Chini peusi, juu asali. Bwana Futi akatoa futi yake akaipima chupa, akatamka vipimo, Katibu akavirudia kwa sauti akiviandika pia kwake.

Mkaguzi alitia sahihi. Halafu akafungua ukurasa wa sita. "Hapa pako wazi," akasema, akamsogezea Fundi kalamu. Kipengele cha kumi na nne.

Fundi aliishika kalamu muda kidogo. Ana mwandiko mbaya, huwa anamwachia mkewe. Akaandika mwenyewe: Mama mkwe. Kwa kikaango na sikio. Mkaguzi akasoma.

"Na yeye asipokuwepo?"

Akaongeza chini yake: Mimi, nikishafundishwa.

Barua ya mfuko ilifika wiki mbili kabla ya mwaka kwisha. Tuliomba mapipa ishirini kwa wiki, wakatupa kumi. Walitupa banda mwisho wa eneo la viwanda, karibu na kiwanda cha matofali, tangi moja kubwa la chuma, na kifaa cha kupima maji chenye kioo kinachoonyesha namba. Ni kifaa kizuri. Halmashauri ikajibiwa kwa barua yenye adabu na mihuri miwili.

Siku ya kulifungua banda walileta viti vya plastiki, utepe, kipaza sauti, na mgeni rasmi ambaye angebonyeza kitufe cha kuanzisha kazi. Mimi nilikaa safu ya mbele karibu na Mama Sabuni, aliyekuwa ameleta vikombe vyake bila kuombwa. Mgeni rasmi alisema maneno machache, kisha mengi. Kifaa kikawashwa, kikaonyesha namba, na Bwana Futi akaitangaza kwamba iko ndani ya kiwango. Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akanyanyua kidole.

"Samahani, mheshimiwa," Fundi akasema.

Akaenda pembeni kwenye jiko dogo. Kikaango kilikuwa tayari juu ya moto. Akatia kijiko, akainama, akiwa na suti yake moja tu aliyo nayo. Sikuinuka. Kwa nilipokaa nisingeweza kusikia chochote, hata ningetaka. Aliinama muda mrefu, akatia kijiko cha pili, akainama tena. Kidole cha mgeni rasmi kilikuwa bado kiko hewani.

Fundi akasimama wima, akajipangusa magoti.

"Bado," akasema.

Mama Sabuni akanigeukia. Nikachukua chupa ya chai, nikaanza kuwaongezea wageni.